SOMO: Anayetaka Kuacha Sigara Anaishi Wapi?



Mtu anatangaza Jumapili kwamba anaacha sigara. Jumatano anaonekana nayo tena. Wengi husema hana nia. Sisi tunaona nia anayo, ila amerudi nayo mahali palepale.

Tuchukue Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya mji, malori hulala pale, na meza za sigara huwa wazi hadi usiku. Sigara huuzwa moja moja. Utingo aliyeacha asubuhi hahitaji bei ya pakiti ili ashindwe jioni, sarafu inamtosha. Kilosa mjini, au Kimamba kwenye mashamba ya mkonge, mtego ni kijiwe. Sigara moja huzunguka kwenye bao, na anayekataa huulizwa kama anaumwa au ameokoka.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku ni asilimia 8.7: wanaume 14.6, wanawake 3.2. Maana yake, hata kwa wanaume, wasiotumia ni wengi zaidi. Lakini aliyezungukwa na wavutaji hawezi kuona hivyo. Kwake kila mwanamume anavuta, na kuacha ni kujitenga na wenzake.

Halafu tupo sisi wa kanisani (tuseme ukweli) ambao humsema mvutaji kama mtu aliyepotea. Anayeaibishwa hujificha, na aliyejificha haombi msaada. Hamu ya nikotini ikipanda hudumu dakika chache, kisha hushuka. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu zaidi. Katika dakika hizo anahitaji mtu wa kuzungumza naye, maji ya kunywa, au kazi ya mikono. Hotuba haimsaidii.

Sheria ya mwaka 2003 inakataza kuwauzia sigara walio chini ya miaka 18. Kamati ya parokia haiwezi kuziondoa meza za barabarani, ila inaweza kuwakumbusha wauzaji jambo hilo, kuondoa visahani vya majivu ukumbini, na kutoruhusu sigara kwenye sherehe zake.

Tena, wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu. Mwanajumuiya anayemfahamu mtu anayejaribu amtembelee siku ya tatu. Akikuta ameshavuta, asimkemee. Amuulize alikuwa wapi, na alikuwa na nani.