Penda Muziki, Linda Masikio: Somo Kutoka kwa Washabiki wa Punk

Toleo hili tunaongea muziki. Si dansi, si taarabu wala bongo fleva. Ni punk, pamoja na ndugu yake wa karibu anayeitwa indie: gita linalokwaruza, dramu zinazokimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na wimbo unaokwisha kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu.

Najua utauliza, "Sasa hayo yanahusu nini afya yangu?" Yanahusu sana. Vijana walioupenda muziki huu walikutana na mambo yale yale unayokutana nayo wewe: hela ndogo mfukoni, pombe mlangoni, kusukumana ukumbini na spika zinazotetemesha kifua. Baadhi yao, wakiwa bado wanasoma sekondari, walikaa chini wakajitungia majibu yao wenyewe. Hebu tuyatazame moja baada ya jingine.

PUNK NI KITU GANI?

Punk ilichipuka katikati ya miaka ya 1970. Jijini New York, Marekani, palikuwa na ukumbi mdogo ulioitwa CBGB, uliofunguliwa mwaka 1973, na hapo ndipo bendi kama Ramones zilipojulikana. Kwa upande wa Uingereza walisikika Sex Pistols na The Clash. Wazo lao lilikuwa rahisi: huna haja ya kuwa bingwa wa gita ndipo upande jukwaani. Una jambo la kusema? Panda, liseme.

Usidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Bad Brains, vijana weusi kutoka eneo la Washington, walipiga kwa kasi na ufundi mkubwa, na bendi nyingi za mji huo zilijifunza kwao. Hata Nairobi zimetokea bendi za punk, mojawapo ikiwa Crystal Axis.

Na indie je? Jina hilo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea. Ni bendi zilizoamua kutoa santuri zao bila kuzisubiri kampuni kubwa. Mwezi Januari 1977, vijana wa Buzzcocks kutoka Manchester walikopa kama pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakachapisha santuri 1,000 kwa lebo yao wenyewe. Zikaisha zote, ikabidi wachapishe nyingine. Wengi walioona hivyo wakasema: kumbe inawezekana!

SANTURI: KUSANYA, LAKINI USIFILISIKE

Mshabiki wa punk utamjua kwa makusanyo yake ya santuri. Kuna ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, na kubwa ya inchi 12, ambayo kwa kawaida huzunguka mara 33 na theluthi. Huzikusanya si kwa ajili ya sauti tu. Kava lina picha, maneno ya nyimbo, hata anwani ya kuandikia bendi. Wakati mwingine, ukiiinamisha santuri kwenye mwanga, utaona maneno yaliyokwaruzwa kwa mkono karibu na lebo ya katikati. Ni kama barua kutoka kwa rafiki.

Mwaka 1980 bendi ya vijana wa Washington, Teen Idles, ilivunjika. Hela walizokuwa wamepata kwenye maonyesho walikuwa hawajagawana hata senti, wameziweka pamoja. Badala ya kuzitafuna, walizitumia kutoa santuri yenye nyimbo 8. Wakachapisha nakala 1,000, na kava wakazikata, wakazikunja na kuzigundisha kwa mikono yao. Hivyo ndivyo ilivyoanza lebo ya Dischord. Baadaye lebo hiyo ilizoea kuandika bei kwenye kava lenyewe, ili mwenye duka asimlangue mshabiki.

Cha kusikitisha, nakala za kwanza za santuri kama hizo sasa huuzwa kwa mamia ya dola. Kitu kilichotengenezwa ili kila kijana amudu kimegeuka mali ya wenye nazo. Hapo ndipo ukusanyaji unapoweza kukugeuka. Raha ya kusikiliza ni kitu kimoja, na homa ya kumiliki ni kitu kingine kabisa. Homa hiyo haichagui: wengine huipata kwa santuri, wengine kwa viatu, wengine kwa simu. Kabla hujatoa hela, jiulize maswali matatu:

1. Nitakisikiliza (au nitakitumia), au nataka tu watu wanione ninacho?
2. Hela hii ni yangu, au nitakopa?
3. Nikikikosa leo, wiki ijayo bado nitakitaka?

Ukijibu kwa kweli, utajiepusha na madeni na usingizi wa mang'amung'amu. Na ukishainunua santuri yako, isimamishe wima kama kitabu, mbali na jua. Plastiki ile ikipata joto hupinda, na iliyopinda haipigiki vizuri tena.

ALAMA YA X MKONONI

Tuje kwenye pombe. Maonyesho mengi ya punk Marekani yalifanyika kwenye kumbi za baa. Wenye baa hawakutaka vijana wadogo ndani, kwa kuogopa kesi ya kuwauzia pombe. Matokeo yake, kijana anayeipenda bendi kufa na kupona alibaki nje akisikiliza ukutani.

Mwaka 1980 hao hao Teen Idles walisafiri hadi California. San Francisco, kwenye ukumbi wa Mabuhay Gardens, walichorwa X kubwa nyeusi mkononi. Maana yake: huyu ni mdogo, aingie, lakini asiuziwe pombe. Wakaona ni dawa! Waliporudi Washington wakaupelekea wazo hilo ukumbi wa 9:30 Club: tuchoreni X, mkituona tunakunywa mtufukuze. Mlango ukafunguka.

Sasa angalia kilichofuata. Alama iliyokuwa ya kukataza ikageuka ya kujivunia. Vijana, hata waliokwisha kufikia umri wa kunywa, wakaanza kujichora X wenyewe, wakimaanisha: mimi sinywi, sivuti, na hapa nipo kwa ajili ya muziki. Mwaka 1981 bendi ya Minor Threat, iliyoundwa na wawili waliotoka Teen Idles, ilitoa wimbo usiofika hata dakika moja uitwao "Straight Edge". Jina la wimbo likawa jina la mtindo huo wa maisha, ukaenea nchi nyingi.

Lakini tusidanganyane. Ian MacKaye, mwimbaji wa Minor Threat, amesema mara nyingi kwamba alikuwa anaeleza uamuzi wake mwenyewe, hakuwa anaanzisha chama chenye sheria. Hata hivyo, miaka ya baadaye walitokea washabiki waliowapiga watu kwa sababu tu ya kunywa au kuvuta. Hapo wazo zuri liliharibika. Kukataa pombe ni ngao yako, isiwe rungu la kumpiga mwenzako.

Wewe utakataaje bila kugombana na washikaji? Jaribu hivi:

• Sema kwa kifupi: "Asante, mimi situmii." Ukijieleza sana, unafungua mjadala.
• Shika soda au maji yako mkononi. Mwenye mkono mtupu ndiye anayebembelezwa.
• Usiache kinywaji chako peke yake ukaenda kucheza.
• Nenda na rafiki mmoja angalau mwenye msimamo kama wako. Wawili hawasukumwi kirahisi.

UKIANGUKA, NANI ATAKUINUA?

Mbele ya jukwaa la punk watu hurukaruka na kugongana. Kwa mgeni huonekana kama ugomvi, lakini wenyewe wana adabu zao. Ya kwanza ni hii: mtu akianguka, walio karibu wanasimama na kumwinua mara moja. Asiyetaka kugongwa hukaa pembeni, na wa pembeni haburutwi katikati.

Bendi ya Fugazi ya Washington, iliyopiga kuanzia mwaka 1987 hadi 2002, ilisifika kwa jambo hili. Kiingilio chao kwa kawaida kilikuwa dola 5 tu, na kila umri uliruhusiwa. Mtu akianza kuumiza wenzake, walisimamisha muziki na kumsema mbele ya ukumbi mzima. Akikaidi, alirudishiwa dola zake 5 na kuonyeshwa mlango. Hakuna aliyeweza kudai, "Nimelipa, nafanya nitakalo."

Na wasichana je? Kwenye kumbi nyingi walikuwa wanasukumwa nyuma, wengine wanapapaswa gizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bendi ya Bikini Kill, iliyoanzia Olympia, katika jimbo la Washington lililo upande mwingine wa nchi, ilianza kuwaita wasichana waje mbele na kuwaomba wavulana warudi nyuma. Dada yangu unayesoma, kununua tiketi si kibali cha kushikwa mwili. Akikushika mtu bila ridhaa yako, paza sauti, sogea kwa rafiki zako, mwambie baunsa. Na wewe kaka, ukimwona mwenzio anafanya hivyo, usicheke. Kicheko chako kinampa nguvu.

Ukiingia ukumbi wowote, vaa viatu vilivyofungwa vizuri, kunywa maji, na kabla muziki haujaanza jua mlango wa dharura uko wapi. Ukiona watu wamebanana hadi huwezi kuinua mikono, usingoje wimbo uishe. Toka kwa kwenda upande, taratibu, mikono ikiwa kifuani kukulinda upate kupumua.

MASIKIO HAYANA SPEA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Michubuko ya shoo hupona kwa wiki moja. Masikio hayaponi.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Humo zimo chembe hai zipatazo 15,000, zenye vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Sauti inapoingia, vinyweleo hutikisika kama nyasi kwenye upepo na kupeleka habari kwenye ubongo. Sauti ikizidi nguvu, au ikidumu mno, nyasi zinalala, na zikifa hazioti tena. Kucha huota, nywele huota, hizi haziiti mbadala.

Kathy Peck anaijua habari hii. Alikuwa mpiga besi wa bendi ya punk ya The Contractions, San Francisco. Katika miaka ya 1980, baada ya onyesho kwenye uwanja mkubwa, masikio yake yalilia kwa siku kadhaa, na uwezo wake wa kusikia ukapungua vibaya. Mwaka 1988, akishirikiana na daktari aitwaye Flash Gordon, alianzisha shirika la H.E.A.R. la kuwafundisha wanamuziki na washabiki kulinda masikio. Mwaka 2008 nao My Bloody Valentine, bendi ya indie inayojulikana kwa sauti kubwa kupita kiasi, waligawa vizibo vya masikio kwenye maonyesho yao.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inashauri hivi kwa siku moja, bila vizibo:

• Desibeli 85: saa 8
• Desibeli 88: saa 4
• Desibeli 91: saa 2
• Desibeli 94: saa 1
• Desibeli 100: dakika 15 tu

Umeona? Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Shoo ya rock hufika 100 kirahisi na kupita, nayo haichukui dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi za burudani: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, vizibo vipatikane, na pawepo mahali patulivu pa kupumzisha masikio.

Wala usiseme, "Mimi sisikilizi punk." Spika za harusini, disko na daladala yenye muziki mnene hazijui jina la muziki. Fanya hivi:

1. Kaa mbali na spika. Hatua chache zinasaidia.
2. Tumia vizibo vya sponji. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono mwingine, kiingize, kishikilie kama nusu dakika kitanuke. Pamba au karatasi ya chooni haitoshi.
3. Toka nje mara kwa mara, masikio yapumue.
4. Ukivaa hedifoni, usizidishe sauti nusu au zaidi kidogo ya uwezo wake.
5. Masikio yakilia baada ya shoo, hilo ni onyo. Mlio usipoisha siku ya pili, au ukisikia kwa shida, nenda kituo cha afya.

JIPIME (jadilini kwenye klabu yenu)

Kweli au si kweli?
a) Masikio yakizoea kelele yanakuwa sugu.
b) Ukipunguza desibeli 3, muda wako salama unaongezeka mara mbili.
c) Pamba inalinda sawa na kizibo cha sponji.
d) Mtu anaweza kukataa pombe bila kuwadharau wanaokunywa.

Majibu: a) Si kweli. Hayajazoea, yamekufa ganzi. b) Kweli. c) Si kweli. d) Kweli.

Mshabiki mwenye miaka 17 leo ana nusu karne ya nyimbo mbele yake, ambazo nyingi bado hazijatungwa. Zitamfaa nini santuri 500 kabatini kama hazisikii? Vizibo viwili vya sponji vinaingia kwenye mfuko wa shati. Viweke humo kabla ya Jumamosi.

Tukutane toleo lijalo!