Hela ni yako, lakini hesabu yake unaijua?

Wafanyabiashara wenzangu, wiki hii watu watatu wamenifuata inbox na swali moja: "Dada, ile mifuko ya Marekani inayopanda mara tatu, niweke mtaji wangu?"

Tuanze na hesabu. Ipo mifuko ya uwekezaji inayouzwa kwenye soko la hisa kule, inayolenga kukupa mara mbili au mara tatu ya mwendo wa soko KWA SIKU. Shika hilo neno siku, maana kila siku hesabu inaanza upya. Chukua milioni moja. Leo soko limeshuka asilimia 10, kesho limepanda asilimia 10. Mfuko wa kawaida unakuachia 990,000. Wa mara tatu unashuka hadi 700,000, kisha unapanda asilimia 30 ya hiyo laki saba: una 910,000. Soko likiyumba hivyo kwa siku kumi, wa kawaida una kama 951,000 na wa mara tatu una kama 624,000. Hapo sijaweka hata ada. Soko likipanda mfululizo unafaidi kweli, sikatai.

Mwaka 2019 SEC, tume inayosimamia masoko hayo, ilipendekeza dalali asimruhusu mtu binafsi kununua mifuko hii mpaka ajiridhishe kwamba anaielewa. Wawekezaji wadogo wakaja juu: hela zetu, mtihani wa nini? Mwaka 2020 kanuni zikapitishwa bila kipengele hicho. Mwaka 2022 FINRA, inayosimamia madalali, ikaomba maoni tena kuhusu bidhaa ngumu kama hizi, na barua zikamiminika kwa maelfu.

Mimi hapo niko upande wa wale wadogo. Kuwa na hela nyingi hakumfanyi mtu ajue hesabu kuliko dada anayeuza vitenge WhatsApp. Ila uhuru wa kununua haukurudishii kilichopotea. Februari 2018 bidhaa moja iliyoitwa XIV, ya kubashiri kwamba soko litatulia, ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani ndani ya siku moja hivi. Mwezi huohuo ikafungwa. Maelezo yake yalishaonya kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Nani husoma?

Mimi mwenyewe sikusoma. Sio mifuko hiyo, ilikuwa programu ya simu ya kununua fedha za kigeni kwa mkopo. Niliweka laki sita, na laki nne kati ya hizo zilikuwa za oda za wateja waliokwishalipia viatu vya Idd. Usiku mmoja tu, asubuhi naamka akaunti imebaki elfu kumi na kitu. Hakuna aliyenikataza, na hakuna aliyenidanganya. Nilikopa kwa shemeji nikaleta viatu, wateja hawakujua. Deni nililipa miezi saba.

Tangu hapo hela ya oda inakaa laini yake peke yake, na hiyo laini haina programu yoyote ya uwekezaji. Nikitaka kujaribu kitu cha hatari natoa kwenye faida yangu ya mwezi, baada ya kodi ya fremu na mzigo.

Kama unataka kuona hesabu ya siku kumi kwa mtaji wako, niandikie kiasi, nitakupigia.