Majani Kabla ya Mizizi
Somo: Ayubu 14:7–9



Mimi nilisomea biashara, na mnajua napenda hesabu. Januari iliyopita mifereji ilipokauka hapa Feri, tukawa tunanunua maji ya mkokoteni kwa mitungi ya lita 20, nikakata shauri: maji ya kunawa na ya choo kwanza, maua yangoje mvua. Kwenye karatasi sikukosea. Lakini asumini ya mlangoni ilipandwa na mume wa mama mmoja wa kwaya, na mzee huyo tulikuwa tumemzika Oktoba. Hilo sikulifikiria kabisa.

Mama hakunigombeza. Alikuja katikati ya wiki na kisu cha jikoni, akasema, "Pasta, naomba nikate vijiti kabla haijafa." Akakata vinane, kila kimoja kama shibiri, chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hupenda kutokea hapo. Majani ya chini akayatoa, na matumba ya maua pia. Hayo matumba yaliniuma, mpaka aliponieleza kwamba kijiti hakina mizizi bado, na ua likifunguka linakula nguvu kidogo iliyobaki. Akavichomeka kwenye mikebe ya mchanga na mbolea, akafunika kwa chupa za maji zilizokatwa nusu ili unyevu usitoroke. Vinne akanipa mimi, kwa sababu kwake kuna maji ya kisima tu, na yale yana chumvi.

Wenzetu walio Uingereza hufanya hivi mwisho wa kiangazi, wakaweka vyungu dirishani, maana baridi kali huua maua ya nje. Adui yetu ni jua la kaskazi. Dawa ni ile ile: mahali penye mwanga bila jua kali, maji kiasi, na kungoja.

Kungoja ndiko kulikonishinda. Wiki ya pili kijiti kimoja kikatoa majani mawili mabichi. Kwa furaha nikakivuta nione mizizi. Hakuna kitu! Majani yale yalitoka kwa akiba ya ndani ya kijiti chenyewe. Nikakirudisha, kikafa. Kingine nilikimwagia maji mno, kikaoza.

Hapo ndipo niliposoma tena Ayubu 14. Mti wa Ayubu umekatwa, lakini mizizi ya zamani bado iko ardhini. Kijiti hakina hata hiyo. Mama huyu alipofiwa, wiki ya tatu tulimrudisha kuongoza sifa, tukasema amepona kwa sababu anatabasamu. Ratiba hiyo niliipanga mimi. Aliimba wimbo mmoja, akatoka nje. Nimemwomba msamaha, na hapa naomba tena.

Asumini kubwa ilikufa Machi. Kati ya vile vinane, vitatu vilishika. Ukivigusa kwa kidole vinakataa kuvutika. Masika ilipoanza Aprili tukapanda viwili mlangoni, kimoja kwake.

Tena tulichelewa, tulikata mti ukiwa tayari na kiu. Safari hii tunakata sasa hivi, Novemba, mvua za vuli zingalipo. Jumapili baada ya ibada ya pili, anayetaka aje na chupa tupu na mkebe uliotobolewa chini. Mama ndiye atakayekata. Mimi nitabeba maji.