Kumpata Daktari na Kudumu Naye

Vikundi vingi vimejenga zahanati kwa harambee, na sasa vinauliza: daktari tutamtoa wapi? Kwanza jiulizeni kama ni daktari mnayemhitaji. Zahanati kwa kawaida huendeshwa na muuguzi, na kituo cha afya na afisa wa kliniki. Sisi tulimtafuta daktari kwa sababu hospitali yetu ilikuwa ikiwapeleka mbali akina mama wanaohitaji upasuaji wakati wa kujifungua.

Tulimpata kijana mzuri. Baada ya miezi mitano akaondoka. Tukamlaumu ati anapenda mji. Kumbe makosa yalikuwa yetu! Nyumba tuliyompa haikuwa na maji. Mshahara alipata mahindi yakiuzwa. Mke wake ni mwalimu, na hakuna mwanakamati hata mmoja aliyemsaidia kuulizia kazi shuleni. Tena alikuwa peke yake: usiku anaitwa, asubuhi anakuta foleni, na wa kumpokea zamu hayuko.

Hata serikali imeona ugumu huu. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Kuba, wakagawanywa katika kaunti. Aprili 2019 wawili walitekwa nyara Mandera wakienda kazini, na wenzao wa kaunti za mpakani wakahamishwa. Mpango wenyewe ulikomeshwa mwaka 2023.

Mara ya pili tulianza na tangi la maji. Tukaweka benki mshahara wa miezi mitatu kabla ya kutangaza kazi. Barua ya kazi ikataja likizo, zamu, na nani atashika kazi daktari akiugua. Huyu bado tunaye.

Leseni nayo msiione haya kuiuliza, hata kama mtu ameletwa na mzee wa heshima. Kila daktari hapa Kenya hupata leseni yake kwa Baraza la Madaktari na huifanya upya kila mwaka. Maafisa wa kliniki wana baraza lao.

Halafu kuna watoto wetu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri vyuo vichukue wanafunzi waliokulia mashambani, kwa kuwa ndio hurudi huko kwa urahisi zaidi.

Zungumzeni kikundini:
Nyumba ya mganga wetu ina maji, choo na mlango wa kufunga?
Akikosa mshahara mwezi mmoja, anamwendea nani?
Ni kijana gani wa kijiji chetu anayesomea udaktari au uuguzi, na karo yake ikoje?