SOMO LA 12: KIFAA CHA KUKUJULISHA ULIPO



Tuseme wewe ni mvuvi. Mmetoka Bagamoyo alfajiri, watu wanne katika mashua moja. Mchana wingu linatanda na mvua kubwa inanyesha. Huoni minazi. Huoni jua. Nchi kavu iko upande gani? Mafuta ya mashine yanatosha safari moja tu. Mkielekea upande usio wa kweli, yatakwisha kabla hamjaiona pwani.

Wazee wetu walijua njia kwa kutazama nyota, upepo na alama za nchi kavu. Elimu hiyo ni nzuri, na bado inafaa. Lakini siku ya wingu zito alama hazionekani. Siku hizi kipo kifaa kidogo cha kutusaidia. Kinaitwa GPS. Tamka: jipiesi.

Setilaiti ni nini?

Setilaiti ni mtambo uliorushwa angani kwa roketi. Setilaiti za GPS ni za serikali ya Marekani. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Mpango wote ulikamilika mwaka 1995, kwa setilaiti 24. Zinazunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,000. Kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku. Urusi, China na nchi za Ulaya nazo zina setilaiti zao za kazi hiyo hiyo.

Kifaa kinajuaje mahali ulipo?

Bila shaka umewahi kuona umeme wa radi. Unaona mwanga, halafu unahesabu: moja, mbili, tatu. Ndipo unasikia ngurumo. Sauti huenda kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Basi radi ilipiga umbali wa kilomita moja. Umepima umbali kwa kuhesabu muda.

GPS hufanya vivyo hivyo. Kila setilaiti ina saa ya kweli kabisa. Hutuma mawimbi ya redio, kama kwamba inasema: "Mimi niko hapa, na saa yangu ni hii." Kifaa chako hupokea mawimbi hayo na kuhesabu muda yaliotumia njiani. Mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo ukigawa sekunde moja mafungu milioni, kosa la fungu moja tu huleta kosa la mita 300.

Umbali mmoja hautoshi. Fanyeni zoezi hili. Fukieni shilingi mchangani. Chomekeni vijiti vitatu mbali mbali. Pimeni kwa kamba kutoka kila kijiti hadi kwenye shilingi. Kisha mwiteni mwenzenu ambaye hakuona. Achore duara kwa kila kamba, kuanzia kwenye kijiti chake. Duara mbili hukatana mahali pawili. Duara ya tatu humwonyesha pa kuchimba.

Setilaiti ni kama vijiti hivyo. Kifaa huhitaji setilaiti nne. Ya nne husaidia kusahihisha saa ya kifaa chenyewe, kwa sababu hiyo ni saa ya kawaida tu.

Kusoma namba

Ukiwa Dar es Salaam, kifaa kitaonyesha karibu na hivi: S 6° 48', E 39° 17'. Herufi S maana yake kusini ya Ikweta. Herufi E ni mashariki ya mstari unaopita Greenwich, London. Ukiandika N, yaani kaskazini, badala ya S, kifaa kitakuelekeza Ethiopia, mbali na bahari. Kwa hiyo soma herufi pamoja na namba.

Mambo ambayo GPS haifanyi

Haiombi msaada. Hupokea tu mawimbi. Hakuna anayejua ulipo kwa sababu una GPS mfukoni.

Haioni mwamba. Mshale wake hukuonyesha njia iliyonyooka, hata kama mbele yako kuna miamba na maji yanakupwa. Hapo nahodha atumie elimu yake.

Haitaki vocha wala mtandao wa simu. Mawimbi yake ni ya bure. Lakini ukitumia simu, weka ramani ndani yake kabla ya kuondoka nyumbani.

Kuchagua kifaa

Kwanza jiulize: nataka kifanye kazi gani?

1. Simu ya kisasa. Nyingi zina GPS ndani. Inafaa barabarani na shambani. Baharini ni dhaifu: maji ya chumvi huiharibu, na chaji huisha upesi.

2. Kifaa cha mkononi. Kinafaa mashua ndogo. Chagua chenye vibonye unavyoweza kubonyeza kwa vidole vilivyolowa. Chagua kinachotumia betri za kubadilisha. Tafuta alama IPX7. Maana yake kinavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30.

3. Kifaa cha kufungwa katika mashua. Kina kioo kikubwa, na vingine hupima kina cha maji. Lakini kinahitaji betri kubwa. Kinafaa wenye mashua kubwa, au kikundi kilichochanga fedha pamoja.

Usinunue kifaa ndani ya duka bila kukijaribu. Toka nacho nje, penye anga wazi. Ngoja dakika chache. Je, kimeonyesha namba? Je, unazisoma bila shida juani? Kama huzisomi, usikinunue, hata kama bei ni rahisi.

Kabla ya kusukuma mashua majini

Simama dikoni. Hifadhi mahali hapo katika kifaa, ukipaite NYUMBANI. Tembea hatua mia tano, kisha ukiambie kifaa kikurudishe. Rudia mpaka uzoee. Siku ya dhoruba si siku ya kujifunza. Chukua betri za akiba ndani ya mfuko usioingiza maji, na usiiache dira.

Mwisho, chukua kalamu. Andika namba za mahali mnapokwenda kuvua na saa mnayotarajia kurudi. Karatasi hiyo iache kwa mkeo, mumeo au jirani. Msipoonekana, watakaowatafuta watajua pa kuanzia. Sasa unajua kuandika. Kazi hiyo usimwachie mtu mwingine.

Maswali

1. Kwa nini kifaa huhitaji setilaiti zaidi ya moja?
2. Je, GPS inaweza kuwajulisha watu wa nyumbani kwamba umepotea? Eleza.
3. Taja mambo matatu ya kuangalia kabla ya kununua kifaa.
4. Jadilianeni: katika kijiji chetu, ni alama gani za wazee tunazopaswa kuendelea kuwafundisha vijana?