Marejesho ya Kodi Yanapodaiwa kwa Jina Lako Bila Idhini Yako

Wafanyabiashara wengi wa Karatu na Ngorongoro, wakiwemo wenye nyumba za wageni, migahawa, magari ya watalii na maduka ya vinyago, hawajazi ritani zao za kodi wenyewe. Kazi hiyo humkabidhi mshauri wa kodi au mhasibu, ambaye mara nyingi anaishi Arusha, zaidi ya kilomita 130 kutoka Karatu na mbali zaidi kwa walioko Loliondo. Utaratibu huo ni halali na una manufaa. Hata hivyo, kukabidhi kazi si kukabidhi wajibu. Ritani na madai yote yanayowasilishwa kwa Namba yako ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) huhesabiwa kuwa yako, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) itakuuliza wewe kwanza.

Katika somo hili tunaeleza jinsi madai ya udanganyifu yanavyofanywa, dalili zake, na hatua ambazo mteja anapaswa kuzichukua bila kuchelewa.

Marejesho halali hutokana na nini?

Huduma za utalii zilianza kutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) tarehe 1 Julai 2016. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Mfanyabiashara aliyesajiliwa hukusanya VAT kwa wateja wake, hutoa VAT aliyolipa katika manunuzi ya biashara, kisha hulipa tofauti. Ritani huwasilishwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Wakati wa masika, wageni hupungua huku matengenezo yakiendelea: saruji, rangi, magodoro. Mwezi kama huo VAT ya manunuzi inaweza kuzidi VAT ya mauzo. Ziada hiyo kwa kawaida hubebwa mbele kwa miezi kadhaa, na ikibaki, mfanyabiashara huweza kuomba arejeshewe. Ziada ya msimu ni jambo la kawaida, na kwa sababu hiyo ndimo mdanganyifu hupenda kujificha.

Udanganyifu hufanywaje?

Njia ya kwanza ni kuongeza manunuzi hewa. Risiti za manunuzi ya shilingi 50,000,000 ambayo hayakufanyika huzaa dai la VAT la shilingi 9,000,000. Mshauri humwambia mteja kwamba amemtafutia haki yake, naye huchukua sehemu ya fedha kama ujira. Ukaguzi unapofika, mshauri hapatikani tena kwa simu.

Njia ya pili ni kubadili akaunti ya benki, barua pepe au namba ya simu iliyosajiliwa, ili fedha na taarifa zisimfikie mwenye biashara.

Njia ya tatu ni ya kimyakimya zaidi. Mteja humpa mshauri fedha taslimu ili akamlipie kodi. Mshauri huingiza manunuzi hewa, ritani ikaonyesha kwamba hakuna kinachodaiwa, naye akabaki na fedha. Mteja huamini kwamba amelipa, kumbe deni linakua.

Tatizo hili haliko kwetu peke yetu. Mwezi Juni 2025, mamlaka ya kodi ya Uingereza ililieleza Bunge kwamba wahalifu walikuwa wametumia akaunti za walipakodi wapatao 100,000 kudai marejesho kwa majina yao, na pauni milioni 47 zikalipwa. Huko wezi walikuwa watu wa nje. Mdanganyifu anapokuwa mwakilishi uliyemteua mwenyewe, ni vigumu zaidi kuthibitisha kwamba hukujua.

Dalili za kuzingatia

Zipo dalili ambazo hata asiye mhasibu anaweza kuziona:

• Mshauri anakataa kukuonyesha ritani, au anakupa muhtasari tu.
• Ujira wake ni asilimia ya marejesho badala ya malipo ya kazi.
• Ritani ina wauzaji usiowafahamu, au bidhaa ambazo hazikufika kwako.
• Imedaiwa VAT kwa manunuzi yasiyotozwa kodi hiyo. Kwa mfano, mazao ya kilimo ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT. Vitunguu vibichi ulivyonunua Mang'ola haviwezi kuzaa VAT ya kudai.
• Kuna dai la VAT ilhali hujasajiliwa. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinacholazimu usajili kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, hivyo biashara nyingi ndogo hazimo.

Hatua za kuchukua

1. Badili nywila ya akaunti yako ya mlipakodi siku hiyo hiyo. Hakikisha barua pepe, namba ya simu na akaunti ya benki zilizomo ni zako.

2. Hifadhi ushahidi. Chapisha ritani, dai na orodha ya risiti. Usifute ujumbe wa simu kati yako na mshauri, wala kumbukumbu za fedha ulizomtumia.

3. Mwandikie Meneja wa TRA wa eneo lako. Taja TIN yako na mwezi wa dai, eleza kwamba hukuliidhinisha, omba lisimamishwe, na ufute uwakilishi wa mshauri huyo. Uliza pia utaratibu wa kurekebisha ritani. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa maneno ya mdomo hayathibitishi tarehe uliyotoa taarifa.

4. Fedha zikiwa zimeingia kwako, usizitumie wala usimgawie mshauri. Iulize TRA kwa maandishi namna ya kuzirejesha.

5. Toa taarifa Polisi na upewe namba ya RB. Ukishuku kuna mtumishi wa umma aliyeshiriki, ifahamishe TAKUKURU.

6. Ukipokea makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo, wasilisha pingamizi ndani ya siku 30. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inadai ulipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokipinga, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kwa makadirio ya shilingi 9,000,000 unayoyapinga yote, hiyo ni shilingi 3,000,000. Unaweza kumwomba Kamishna apunguze au asamehe amana hiyo, kwa sababu za msingi. Usiporidhika na uamuzi wake, rufaa hupelekwa Bodi ya Rufani za Kodi.

Kinga

Ingia mwenyewe katika akaunti yako kila mwezi, baada ya tarehe 20. Lipa kodi mwenyewe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu. Usimpe mtu fedha taslimu akulipie. Mshauri awe amesajiliwa, na mkataba wake uwe wa maandishi, ukisema kwamba hakuna dai litakalowasilishwa bila saini yako. Hakiki risiti za kielektroniki kwa mfumo wa TRA wa uhakiki, kisha uzitunze kwa miaka isiyopungua 5. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo lisiwe mikononi mwa mtu mmoja asiye wewe.

Maswali ya kujipima

1. Ni nani, zaidi yako, anayeijua nywila ya akaunti yako ya kodi?
2. Ritani yako ya mwezi uliopita ilionyesha manunuzi ya kiasi gani, na je, unazo risiti zake?
3. Mshauri wako akitoweka leo, ni nyaraka zipi zitakazobaki mikononi mwako?

Ukishindwa kujibu swali lolote kati ya haya, anza nalo wiki hii.