Reli ya Uani

Katika kiwanda kinachopokea mzigo kwa treni, mashine zina fundi wake, umeme una fundi wake, hata geti lina mlinzi wa zamu. Reli inayoingia uani mara nyingi haina mwenyewe. Nyasi zimeifunika, na kwa kuwa mabehewa hupita taratibu, wengi huiona haina madhara.

Mwendo huo mdogo ndio unaodanganya. Nchini Marekani, behewa la mizigo lililojaa hufikia tani 130 hivi. Likiacha reli, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea, halina breki ya kumwonea huruma aliye mbele yake. Na aliye karibu ni mfanyakazi: anayening'inia kwenye ngazi ya behewa akimwelekeza dereva, au anayeungamanisha mabehewa.

Uharibifu huanzia chini. Maji yakikosa pa kutokea, kokoto hujaa tope, na kila gurudumu linapokanyaga, tope hilo hupanda juu kama uji. Mataruma ya mbao huoza, ya chuma huliwa na kutu. Misumari na boliti hulegea, kisha reli mbili huanza kuachana. Kwa reli ya upana wa milimita 1,435, kanuni za Marekani za reli za daraja la 1, ambako treni ya mizigo hairuhusiwi kuzidi kilomita 16 kwa saa, zinaruhusu upana usiozidi milimita 1,473. Tofauti ni milimita 38, yaani vidole viwili. Katika kila mita 12 hivi, ambapo kwa kawaida hulazwa mataruma zaidi ya 20, kanuni hizo hudai angalau 5 yawe mazima. Ni kiwango cha chini mno, na bado hakizigusi reli za ndani ya kiwanda zisizo sehemu ya mtandao wa reli wa nchi. Huko mwajiri hubanwa na sheria ya jumla ya usalama kazini ya mwaka 1970.

Kupima kwenyewe kuna mtego. Reli isiyobeba kitu inaweza kusomeka salama kwenye kipimo, lakini behewa likipanda juu yake, mataruma yaliyooza huiachia itanuke, kisha mzigo ukipita inarudi mahali pake. Mkaguzi mzoefu hutazama alama: mbao iliyosuguliwa ikang'aa kando ya bamba linalokalia reli, au msumari ulioacha nafasi. Umbali ambao reli husogea huongezwa kwenye kipimo. Asiyejua hili ataandika kwamba reli ni nzima.

Boliti nayo si kitu kidogo. Tarehe 12 Julai 2013, katika stesheni ya Brétigny-sur-Orge, kusini mwa Paris, bamba linaloshikwa na boliti kuunganisha vipande vya reli liling'oka mahali pake kwenye makutano ya njia na treni ikaacha reli. Watu 7 walikufa. Mwaka 2022 mahakama ililitia hatiani shirika la reli la Ufaransa, SNCF. Ile ilikuwa njia ya abiria yenye treni za kasi na mafundi wake. Sasa fikiria makutano ya uani ambayo hayajakaguliwa tangu mvua za mwaka juzi.

Majeraha mengine hayana kishindo. Mtu huteguka kifundo cha mguu kwenye kokoto zilizoporomoka, au huumia mgongo akilazimisha wenzo wa kubadilisha njia uliokauka grisi. Foklifti hunasa gurudumu kwenye kivuko ambacho lami yake imebomoka, behewa likiwa linakuja. Majeraha haya huandikwa kwenye daftari la huduma ya kwanza kama uzembe wa aliyeumia, na reli haitajwi.

Kenya nayo ina reli iliyojengwa kwa ajili ya kiwanda: ile ya Konza hadi Magadi. Sheria ya nchi hiyo ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa au iliyo karibu kutokea. Hadi hatari hiyo irekebishwe, mwajiri haruhusiwi kumlazimisha arudi mahali hapo. Taarifa yenye kusaidia hutaja mahali hasa: hatua ngapi kutoka getini, taruma la ngapi, boliti ngapi hazipo. Kisha mabehewa yazuiwe kuingia kwenye kipande hicho hadi fundi afike.